Ukichagua Simu Umechagua Watu: Historia Fupi ya Vita vya Majukwaa

Leo tuweke msimbo kando kidogo, tuongee historia.

Kwa wasiofahamu, sisi tunaoandika programu tukisema "jukwaa" tunamaanisha ule mfumo unaoendesha simu, pamoja na lugha yake, vifaa vyake vya kuandikia programu na duka lake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Android haifunguki kwenye iPhone, kama vile kipuri cha Toyota kisivyokaa kwenye Peugeot. Ukitaka kote kuwili, itabidi uandike mara mbili, au utafute ujanja.

Siku hizi majukwaa makubwa ni mawili tu, na hata hayo yanatutoa jasho. Enzi za kaka na dada zetu waliotutangulia katika kazi hii yalikuwa sita, saba, mengine yakifa kabla mtu hajamaliza kujifunza. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi, kwa hivyo mengi ya haya nimeyasoma na kuwauliza wakubwa. Kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyoamini jambo moja: vita hivi havikuwa vya mitambo pekee. Kila mara kampuni ilipochagua simu ya kuhudumia, ilichagua pia watu wa kuhudumia, na wa kuacha nje. Walioelewa hilo walishinda hata kwa mitambo duni. Walioshindwa kulielewa walianguka wakiwa na mitambo mizuri ajabu.

Ahadi ya Java

Mwaka wa 1999 kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems ilitangaza Java ya vifaa vidogo, ikaitwa J2ME. Sun walikuwa na msemo wao maarufu: andika mara moja, endesha popote. Ahadi hiyo ilikuwa tamu, kwa sababu soko la simu lilikuwa limejaa watengenezaji: Nokia, Motorola, Siemens, Samsung, Ericsson, kila mmoja na mfumo wake wa ndani. Java ingekaa juu ya mifumo hiyo yote kama mkeka mmoja uliotandikwa juu ya sakafu mbovu.

Mkeka ulitandikwa, lakini mashimo ya sakafu yaliendelea kusikika. Chukua vile vitufe viwili vilivyokuwa chini ya skrini, cha kushoto na cha kulia. Kwenye Nokia vilituma nambari -6 na -7. Kwenye Siemens, -1 na -4. Kwenye Motorola, -21 na -22. Yaani hata kujua tu kwamba mtumiaji amebonyeza "Sawa" kulihitaji ujue kwanza ameshika simu ya nani. Skrini nazo: hii ina nukta 128 kwa 128, ile 176 kwa 208, nyingine 240 kwa 320. Simu za mwanzo za Nokia za Series 40 zilikataa programu yoyote iliyozidi kilobaiti 64. Picha moja unayotumiwa leo kwenye WhatsApp huenda ikazidi hapo! Tena programu isiyokuwa na cheti cha kununuliwa ilimsumbua mtumiaji kwa kumwomba ruhusa kila ilipotaka kuingia mtandaoni.

Matokeo yake, mchezo mmoja ulitolewa kwa matoleo chungu nzima, kila toleo na aina yake ya simu. Waandishi wa programu wakaugeuza ule msemo wa Sun kuwa utani: andika mara moja, tafuta kasoro kila mahali.

Hata hivyo kuna waliopata njia. Kivinjari cha Opera Mini, kilichoanza mwaka wa 2005 na kuenea duniani mwaka wa 2006, kilikuwa programu ndogo ya Java. Siri yake ni kwamba kazi nzito haikufanyika kwenye simu. Seva za Opera ndizo zilizochukua ukurasa, zikaukamua hadi ukawa mwepesi, kisha simu ikapokea kitu kidogo cha kuonyesha tu. Kwa watu wengi huku kwetu, simu ya vitufe yenye Opera Mini ndiyo iliyokuwa saiba kafe yao ya mfukoni. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

M-Pesa: jukwaa lililo ndani ya laini

Tarehe 9 Januari 2007, jijini San Francisco, Steve Jobs alionyesha iPhone ya kwanza. Miezi miwili baadaye, tarehe 6 Machi 2007, Safaricom ilizindua M-Pesa hapa Kenya. Magazeti ya dunia yaliandika sana kuhusu tukio la kwanza. La pili ndilo lililobadilisha maisha ya mama mboga.

Tuitazame M-Pesa kwa jicho la mwandishi wa programu. Walitaka huduma ya pesa ifike kwa watu wasio na akaunti za benki. Watu hao walikuwa na simu za kila aina, nyingi za bei ya chini kabisa, zile tulizokuja kuziita mulika mwizi kwa sababu ya kurunzi yake. Nyingi hazikuwa na Java ya kutegemewa. Ungeandika programu ya jukwaa gani?

Jibu lao lilikuwa kuteremka chini ya majukwaa yote. Kadi ya SIM, tunayoiita laini, ni kompyuta ndogo yenyewe, na kuna kanuni za kimataifa zinazoiruhusu ionyeshe menyu kwenye simu yoyote ya GSM. Menyu ya M-Pesa iliwekwa humo. Ukichagua kutuma pesa, laini inaandaa ujumbe uliofungwa kwa siri na kuupeleka kwa njia ya SMS hadi kwenye seva, na hesabu zote zinafanyika huko. Simu ni ya Nokia? Sawa. Ni ya Motorola? Sawa. Imefungwa kwa mpira ili betri isianguke? Sawa pia.

Kwa sura, menyu ile haikuwa na urembo wowote. Lakini haikumwuliza mtu yeyote ana simu gani.

Tusisahau upande wa pili. Mwenye ufunguo wa laini ni kampuni ya simu. Kijana mwenye wazo lake hawezi kuingiza menyu kwenye laini za watu. Kwa hivyo waliojitegemea walikimbilia SMS na USSD, zile huduma zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli. USSD ina ubahili wake: ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, na ukichelewa kujibu kikao kinakatika. Lakini inafika kila simu. Mwaka wa 2010 huduma ya iCow, inayowapa wafugaji wa Kenya ushauri kuhusu ng'ombe wao, ilishinda tuzo ya Apps4Africa bila kumlazimu mfugaji kuwa na simu ya kisasa. Ilimfuata na simu aliyokuwa nayo.

Milango miwili mipya

iPhone ilipotoka Juni 2007 haikuruhusu programu za watu wa nje. Apple iliwaambia waandishi watengeneze kurasa za wavuti. Duka la programu, App Store, lilifunguliwa tarehe 10 Julai 2008 likiwa na programu takriban 500. Kuingia kulihitaji dola 99 kila mwaka, kompyuta ya Mac, na kukubali kwamba Apple ingebaki na asilimia 30 ya mauzo.

Google nao walitangaza Android Novemba 2007, na simu ya kwanza, T-Mobile G1, ikauzwa Oktoba 2008. Ada ya kujiandikisha: dola 25, mara moja tu. Lugha ilikuwa Java ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta walishaifundishwa, na tarakilishi yoyote ya kawaida ilitosha. Kwa kijana wa Nairobi tofauti hiyo haikuwa ndogo. Mwaka wa 2011 Safaricom ikaanza kuuza Huawei IDEOS, simu ya Android iliyogharimu takriban shilingi 8,000. Skrini ndogo, betri ya kubembelezwa, lakini Android kamili.

Hebu sasa jiweke mahali pa mwandishi wa programu wa mwaka wa 2011 anayetaka kuwafikia watu wote. Anahitaji Objective-C kwa iPhone, Java kwa Android, Java ya aina nyingine kwa BlackBerry, J2ME kwa Nokia za vitufe, C++ ngumu kama mfupa kwa Symbian, na C# kwa Windows Phone. Programu moja, kazi sita. Wengi walifanya kilicho rahisi: wakachagua jukwaa moja au mawili yenye watumiaji wenye pesa, na wengine wakabaki wakichungulia dirishani.

BBM na WhatsApp

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kwangu ndicho funzo kubwa kuliko yote.

BlackBerry Messenger, yaani BBM, ilianza mwaka wa 2005 chini ya kampuni ya RIM ya Kanada. Ilikuwa na karibu kila kitu tunachokipenda leo: ujumbe unaofika papo hapo, makundi, herufi D ikionyesha ujumbe umefika na R ikionyesha umesomwa. Watu walibadilishana PIN kama wanavyobadilishana nambari za simu leo. Lakini PIN hiyo ilikuwa ya kifaa. Ukibadilisha simu ukachukua ya kampuni nyingine, marafiki zako wote wanabaki nyuma. RIM waliona hilo ni jambo jema: anayetaka BBM anunue BlackBerry.

WhatsApp ilianzishwa California Februari 2009 na Jan Koum, mzaliwa wa Ukraine, akajiunga naye Brian Acton; wote wawili waliwahi kufanya kazi Yahoo. Walianza na iPhone. Wangeweza kubaki hapo, kwani ndiko pesa na sifa zilikokuwa. Badala yake, mwaka wa 2010 wakaipeleka BlackBerry, Symbian na Android, na mwaka wa 2011 wakaingia Windows Phone na zile Nokia za vitufe za Series 40. Utambulisho wako ulikuwa nambari yako ya simu, basi. Ukibadilisha simu, unahama na watu wako.

Fikiria kazi iliyohitajika kwenye Series 40. Ni ile ile J2ME ya mashimo, kumbukumbu kidogo, vitufe vya nambari. Wahandisi walioketi California walikesha wakirekebisha programu ya simu ambayo huenda hakuna jirani yao aliyeimiliki. Lakini India, Brazili na Afrika simu hizo zilikuwa mikononi mwa mamilioni. Thamani ya programu ya mawasiliano ni watu unaowapata ndani yake. Kwa BBM ungeongea na mwenzako wa ofisini. Kwa WhatsApp ungeongea naye, na pia shangazi yako kule Kakamega mwenye Nokia ya vitufe. Ukishaongea na shangazi, kwa nini uwe na programu mbili?

Si kwamba RIM hawakuonywa. Jim Balsillie, aliyekuwa mmoja wa wakuu wawili wa kampuni, alikuwa na mpango wa kupeleka huduma hiyo kwenye simu za kampuni nyingine. Mpango huo ukafutwa mwaka wa 2012 baada ya Thorsten Heins kushika usukani, na Balsillie akajiondoa kwenye bodi. BBM ilifika Android na iPhone Oktoba 2013. Ilipakuliwa mara milioni 10 katika saa 24 za kwanza, ishara kwamba watu walikuwa wakiitamani. Lakini chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Miezi minne baadaye, Februari 2014, Facebook ilitangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, ikiwa na watumiaji zaidi ya milioni 450 kwa mwezi na wahandisi 32 tu. BBM ya watu wa kawaida ilifungwa tarehe 31 Mei 2019.

Wapiganapo tembo

Nokia nayo ina kisa cha kuhuzunisha. Ilikuwa imewahimiza waandishi wa programu wajifunze Qt, vifaa ilivyovipata iliponunua kampuni ya Trolltech mwaka wa 2008, ikiahidi kwamba vitaunganisha simu zake za zamani na zijazo. Februari 2011 mkuu mpya, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi waraka akiifananisha kampuni na mtu aliyesimama juu ya mtambo wa mafuta unaoungua baharini. Siku chache baadaye, tarehe 11, akatangaza kwamba Nokia inahamia Windows Phone. Ujuzi ambao watu walikuwa wameutumia miaka kuupata ulipoteza thamani kwa tangazo la asubuhi moja.

Na waliohamia Windows Phone? Mwaka wa 2012 lilikuja toleo la 8, na simu za toleo la 7 hazikuweza kupandishwa kulifikia. Mwaka wa 2013 Google iliizuia programu ya YouTube ambayo Microsoft walikuwa wameitengenezea simu hizo. Snapchat haikufika kamwe. Waandishi walisema hakuna watumiaji, watumiaji wakasema hakuna programu: kuku na yai. BlackBerry walijaribu kuvunja mduara huo kwa kuwaahidi waandishi wa BlackBerry 10 mapato ya angalau dola 10,000 kwa programu iliyotimiza masharti. Haikusaidia. Mwaka wa 2014 Microsoft ilikamilisha kununua biashara ya simu za Nokia. Kufikia mwisho wa 2019 ilikuwa imeacha kuushughulikia mfumo wake wa simu. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ni mimi na wewe: aliyeandika programu, na aliyenunua simu kwa akiba yake.

Mkeka mpya

Ndoto ya Sun haikufa, ilibadilisha nguo tu. Mwaka wa 2009 PhoneGap ilituwezesha kufunga kurasa za wavuti ndani ya programu ya simu. Aprili 2010 Apple ilibadilisha masharti ili kuzizuia programu zilizotafsiriwa kutoka lugha nyingine, kisha ikalegeza Septemba mwaka huo huo. Facebook walijaribu njia ya wavuti kwenye programu yao, ikawa nzito, na mwaka wa 2012 Mark Zuckerberg akakiri hadharani kwamba kuitegemea kupita kiasi lilikuwa kosa lao kubwa kuliko yote. Ni hao hao waliotoa React Native mwaka wa 2015. Google wakafuata na Flutter, toleo la 1.0, Desemba 2018.

Mimi hutumia Flutter na sina ugomvi nayo. Lakini tusijidanganye: chombo cha kuunganisha majukwaa nacho ni jukwaa, na kina mwenyewe. PhoneGap ilisitishwa na Adobe mwaka wa 2020. Xamarin, ambayo Microsoft iliinunua mwaka wa 2016, iliachwa kuhudumiwa Mei 2024. Na usidhani majukwaa yamekoma kuzaliwa: mwaka wa 2024 Huawei walitoa HarmonyOS isiyofungua programu za Android kabisa, na waandishi wa China wakarudi kuandika upya.

Aliyefungua mlango ndiye anayeufunga

Hapa kwetu simu za Android zimeenea sana, hasa baada ya mipango kama Lipa Mdogo Mdogo ya mwaka wa 2020, iliyoanza kwa malipo ya shilingi 20 kwa siku. Hata hivyo mulika mwizi haijaondoka. Safaricom walitoa apu nzuri ya M-Pesa mwaka wa 2021, lakini menyu ya laini na *334# zingali zinafanya kazi. Wanajua wakizizima leo, nani atabaki nje.

WhatsApp walienda njia nyingine. Juni 2017 waliacha Symbian, mwisho wa 2017 BlackBerry, mwisho wa 2018 Nokia Series 40, mwisho wa 2019 Windows Phone. Sababu zao nazielewa. Kutunza programu kwenye mfumo ambao mwenyewe ameutelekeza ni gharama na ni hatari kwa usalama. Lakini tazama kilichotokea. Kufikia wakati huo chama cha akina mama kilikuwa kimeshahamishia mikutano na taarifa za michango WhatsApp. Siku simu ya mwanachama mmoja ilipokatwa, hakupoteza apu tu. Alipitwa na uamuzi wa chama chake. Programu iliyoshinda kwa kuwafuata watu walipo imekuwa ndiyo inayoamua simu ipi imekufa.

Kutokana na haya yote, kabla ya kuanza kazi yoyote mimi hutafuta majibu ya maswali matatu:

1. Mtu wa mwisho anayehitaji huduma hii ana simu gani? Si mteja anayenilipa. Ni yule mkulima, yule mgonjwa, yule mzazi.

2. Akili ya kazi inakaa wapi? Opera Mini, M-Pesa na WhatsApp zote ziliweka kazi nzito kwenye seva. Simu ikifa, au jukwaa likifa, unajenga mlango mwingine, nyumba inabaki.

3. Nani ana ufunguo? Apple, Google, kampuni ya simu, mwenye chombo cha kuunganisha. Usiikimbie milango yao, ila usiweke kila kitu nyuma ya mlango mmoja.

Ukipata kwamba jibu la swali la kwanza ni mulika mwizi, basi anza na USSD au SMS, na apu ije baadaye. Haitakupa picha nzuri za kuonyesha marafiki, lakini itatumika.

Kama wewe ni mmoja wa wakongwe waliopigana na J2ME au Symbian enzi hizo, niandikie unisimulie. Bado nakusanya visa hivi. Alamsiki.